Njia Panda ya Wasomaji: Hukumu juu ya Juzuu ya Kumi ya The Wheel of Time

Hadithi ndefu ina hatari ambayo hadithi fupi haina. Hadithi fupi ikichosha, uchovu wake huisha pamoja nayo; bali hadithi ndefu ikichosha katikati humwacha msomaji mahali pabaya, maana amekwisha kwenda mbali mno asiweze kurudi, na mwisho wa safari haujaonekana. Hali hiyo iliwapata wasomaji wengi wa Kiingereza mwezi wa Januari 2003, kilipotoka kitabu kiitwacho Crossroads of Twilight, jina ambalo twaweza kulifasiri kuwa Njia Panda ya Utusitusi. Kilikuwa kitabu cha kumi katika mfululizo wa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, ulioandikwa na Robert Jordan wa Marekani. Kilinunuliwa kwa wingi hata kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la The New York Times. Na wengi wa hao hao waliokinunua ndio waliokilaumu. Mpaka leo hukumu juu yake hazijapatana. Insha hii yataka kuzipima, kwa sababu chini yake limo swali limhusulo kila asomaye na kila aandikaye: sehemu ya hadithi ina wajibu gani kwa msomaji, mbali na wajibu wa hadithi nzima?

Robert Jordan lilikuwa jina la kalamu. Mwenyewe aliitwa James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, mwaka 1948. Alipigana vita vya Vietnam, kisha akasoma fizikia, na baadaye akageukia uandishi. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kilitoka mwaka 1990, na kufikia mwaka 1994 vilikuwa vimekwisha kutoka sita. Habari yake ni ya kijana mchunga kondoo, Rand al'Thor, aliyetabiriwa kwamba atapigana na Mwovu mwenyewe na kuiokoa dunia, na katika kuiokoa ataivunja. Katika dunia hiyo kuna uwezo wa ajabu wenye sehemu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Na sehemu ya wanaume ilitiwa uchafu tangu zaidi ya miaka elfu tatu, hata kila mwanamume aitumiaye huishia katika wazimu. Kitabu cha tisa, kilichotoka Novemba 2000, kilimalizika kwa tendo kubwa kuliko yote yaliyotangulia: Rand, akisaidiwa na mwanamke aitwaye Nynaeve, aliuondoa uchafu ule.

Msomaji aliyefunga kitabu hicho alikuwa na haki ya kuuliza: sasa itakuwaje? Alingoja zaidi ya miaka miwili apate jibu. Kitabu cha kumi kilipokuja hakikumjibu. Kilirudi nyuma, kikamwonyesha mmoja mmoja wahusika wengine walikokuwa na walilokuwa wakilitenda kabla ya tendo lile na katika siku ile ile ya tendo lile. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Walaumu wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba katika kitabu kinachokaribia kurasa 700 mambo yanayotukia ni machache. Ya pili ni kwamba nafasi ya matendo imejazwa maelezo: mavazi na mapambo yake, vikombe vya chai, bafu za Elayne anayegombea kiti cha enzi cha Andor, na majina ya watu ambao msomaji hawezi kuwakumbuka. Ya tatu ni kwamba Rand, ambaye hadithi ni yake, haonekani ila kwa muda mfupi karibu na mwisho. Hata mwanzo wa kitabu waonekana kama unawasaidia walaumu: mtu wa kwanza tunayekutana naye ni jemadari Rodel Ituralde, naye hapendi kungoja, na kazi yake ni kungoja.

Watetezi nao hawakunyamaza. Wasema kwamba kitabu hiki ni kiungo cha mwili mkubwa, na mtu hakati mkono akaulaumu kwa kutotembea. Wasema pia kwamba vita si mapanga tu. Vita ni nafaka, matope, barua, vikao na hofu ya usiku, na mtu aliyepata kuwa askari alijua alichokuwa akikiandika. Mwisho wasema kwamba asomaye leo, mwenye juzuu zote 14 mezani, hapati maumivu waliyoyapata wasomaji wa mwaka 2003, kwa kuwa akimaliza ya kumi hunyosha mkono akachukua ya kumi na moja.

Kila upande una sehemu ya haki, lakini yaonekana kwangu kwamba hakuna ulioutia kidole ugonjwa wenyewe. Uchache wa matendo si kosa peke yake. Ziko riwaya kubwa ambazo mtu mmoja hukaa chumbani akafikiri, na msomaji asitake kuziweka chini. Wingi wa maelezo nao si kosa peke yake. Vitabu vya kwanza vya Jordan vilikuwa na mavazi na vyakula vingi vile vile, na wasomaji wale wale walivisifu. Wala kurudi nyuma si kosa. Kwa jambo hili mfano mwema ni J. R. R. Tolkien, ambaye waandishi wote wa namna hii ya hadithi wanadaiwa naye.

Katika The Lord of the Rings, iliyotoka katika miaka ya 1954 na 1955, Tolkien aliwatenganisha wasafiri wake akasimulia habari za kundi moja mpaka mbali, kisha akarudi nyuma kusimulia za kundi jingine. Tazama alivyofanya penye lango la adui. Jeshi la wema limesimama, na mjumbe wa adui anatoka akiwa na vazi la Frodo mkononi. Msomaji anaamini kwamba Frodo ametekwa na kwamba mambo yote yamepotea. Hapo mwandishi anaikata habari, anarudi nyuma siku kadhaa, na kumfuata Sam anayemtafuta bwana wake. Msomaji amerudi nyuma, lakini amerudi na mzigo mzito zaidi wa hofu kuliko aliokuwa nao. Alilolijua limemzidishia hamu ya kulijua asilolijua.

Jordan alifanya kinyume. Msomaji wake alirudi nyuma akiwa amekwisha kushiba. Alijua kwamba uchafu umeondolewa na kwamba Rand yu hai. Wahusika wa kitabu cha kumi wanahisi kwa mbali nguvu kubwa isiyo na mfano ikiwaka upande fulani wa dunia. Wanashangaa, wanaulizana ni nini, wanaogopa. Msomaji hashangai wala haulizi, maana jibu analo tangu miaka miwili. Basi kati yake na watu anaowasoma umeingia ukuta: wao wanaishi katika swali, yeye anaishi katika jibu. Hapo ndipo vikombe vya chai vinapoanza kuonekana vingi. Mtu aliye na hofu moyoni hahesabu vikombe. Huvihesabu yule asiye na jambo jingine la kumshughulisha.

Mtu aweza kuleta pingamizi, na pingamizi hilo lina nguvu kwetu tuliolelewa na tenzi. Msikilizaji wa Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, alijua tangu ubeti wa kwanza nani atashinda. Mbona hakuchoka? Kama kujua mwisho kunaua hamu, utenzi ungekuwa umekufa zamani. Jibu ni kwamba mtunzi wa utenzi hamweki msikilizaji mbali na tendo. Ushindi unajulikana, lakini upanga uko mbele ya macho, na farasi, na mama anayelia, na maneno ya shujaa kabla hajaingia uwanjani. Msikilizaji haji kuuliza nini kilitokea. Anakuja kukiona kikitokea. Kitabu cha kumi cha Jordan kilimnyima msomaji vyote viwili: hakikumpa jambo jipya la kulijua, wala hakikumweka karibu na jambo kubwa alilokwisha kulijua. Kilimweka katika majumba na mahema yaliyo mbali, mahali ambapo tendo ni mwanga tu kwenye upeo wa macho.

Dai langu lina ushahidi wake ndani ya kitabu chenyewe, maana ziko sura ambazo hata walaumu wengi huzisamehe. Mat Cauthon anakimbia katika kundi la wacheza sarakasi pamoja na Tuon, binti mrithi wa milki ya Seanchan, ambaye Mat amemteka na ambaye kwa utabiri anajua atamwoa. Sura hizo pia ni za mwendo wa polepole, zenye mazungumzo mengi na mapigano machache. Hazichoshi, kwa sababu kila neno kati ya wawili hao ni upimaji, na msomaji hajui ni nani atamshinda mwenziwe.

Perrin ni ushahidi mkubwa zaidi. Mkewe Faile ametekwa na Washaido, naye anamtafuta kwa uchungu uliomfanya asijali lingine. Anafika katika mji wa So Habor kununua nafaka, akakuta nafaka imejaa fukusi na wafu wanaonekana wakitembea, na walio hai wamekata tamaa hata kuoga wameacha. Baadaye mateka wa Washaido wanapokataa kusema, Perrin anaukata mkono wa mmoja wao kwa shoka lake. Kisha analitupa shoka hilo likakwama katika mti, akaondoka akaliacha. Amelichukua tangu kitabu cha kwanza, na tangu siku nyingi anajiuliza kama yeye ni mtu wa shoka liuwalo au wa nyundo itengenezayo. Kurasa hizo hazitegemei kabisa kuondolewa kwa uchafu; zina swali lake, na swali hilo linamwuma msomaji kama linavyomwuma Perrin. Kama kitabu kizima kingeandikwa hivyo, pasingekuwa na ugomvi.

Sasa turudi kwa watetezi wasemao kwamba leo kitabu hiki chasomwa vyema kwa sababu kinachofuata kipo. Jambo hilo ni kweli, lakini si utetezi, ni kukiri. Kusema kwamba kitabu chapendeza kwa kuwa hukai nacho sana ni kukisifu kama mtu asifuvyo homa iliyopona upesi. Isitoshe, hadithi iliyotolewa juzuu kwa juzuu husomwa pamoja na kungoja kwake. Katika Alfu Lela Ulela Shahrazadi aliikata hadithi kulipokucha, lakini mfalme aliingoja kwa mchana mmoja. Wasomaji wa Jordan waliukuta mwisho wa kitabu cha tisa mwaka 2000. Mwaka 2004 walipewa New Spring, kilichosimulia mambo ya miaka ishirini kabla ya hadithi. Na Knife of Dreams, kilichoisukuma habari mbele kweli kweli, kilitoka Oktoba 2005. Subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizo mbili hazipingani; moja humfundisha angojaye, na ya pili humwonya angojewaye.

Tena kulikuwa na jambo ambalo mwaka 2003 halikujulikana na upande wowote. Mwaka 2006 Jordan alitangaza kwamba ana maradhi mazito ya nadra, na tarehe 16 Septemba 2007 alifariki dunia, hadithi haijamalizika. Aliacha maandishi na maelekezo. Mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson kuimaliza, na kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, vya miaka ya 2009, 2010 na 2013. Ajuaye habari hizo hawezi kukisoma kitabu cha kumi kama kilivyosomwa siku kilipotoka. Wengine huruma huwafanya wakae kimya. Naona huruma hiyo si mahali pake. Ufupi wa maisha ya mwandishi ndio unaofanya kurasa zake ziwe na thamani, na kitu chenye thamani hupimwa kwa mizani iliyo sawa. Wasomaji waliokasirika mwaka 2003 hawakuwa wakimdharau. Walikuwa wakiona, kabla ya mtu yeyote kujua sababu, kwamba wakati unapita na dunia waliyoipenda haisogei.

Basi hukumu yangu ni hii. Watetezi wana haki kusema kwamba kiungo kisihukumiwe kana kwamba ni mwili mzima. Lakini kiungo nacho sharti kiwe na damu yake. Kila juzuu inayouzwa peke yake yadaiwa angalau swali moja linaloanza ndani yake, na linalomfanya msomaji aogope au atumaini pamoja na walio ndani ya kitabu. Deni hilo Crossroads of Twilight ililipa penye shoka la Perrin na penye mazungumzo ya Mat na Tuon. Mahali pengine pengi iliahirisha malipo. Mwanafunzi atakaye kuandika hadithi ndefu asiiogope taratibu, wala asiogope kurudi nyuma. Aogope kumwacha msomaji akijua zaidi ya wahusika jambo ambalo ujuzi wake haumwongezei hofu, wala tumaini, wala huruma juu yao.