Fundi wa Bamako Aliyebonyeza Mara Moja

Seydou Keïta alikuwa na desturi ya kumpiga mteja picha moja tu. Filamu ilikuwa ghali, karatasi ghali, dawa za kusafishia picha nazo ghali, na mteja alikuwa amekuja na fedha ya picha moja. Hakukuwa na nafasi ya kupiga kumi kisha kuchagua iliyo nzuri. Akipepesa macho mteja, hasara. Ukikaa vibaya mkono, hasara. Maji yakimwagika hayazoleki, na Keïta alifanya kazi kama mtu anayelijua hilo kila asubuhi anapofungua studio yake. Kila alichotaka kionekane kwenye picha ilibidi akipange kabla kidole hakijagusa kamera. Anayetaka kuuelewa ufundi wake na aanzie hapo.

Alizaliwa Bamako, katika Mali ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, nchi hiyo ikiitwa bado Sudani ya Kifaransa, ikiwa koloni. Baba yake alikuwa seremala, naye akafunzwa useremala tangu utotoni. Mwaka 1935 amu yake alirudi kutoka Senegal na zawadi: kamera ndogo aina ya Kodak Brownie. Kijana akaanza na ndugu na majirani. Hakusoma chuo chochote cha picha. Aliyemfunza kusafisha na kuchapa ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, na mengine aliyaokota dukani kwa Mfaransa Pierre Garnier, aliyeuza vifaa vya kazi hiyo mjini. Mwaka 1948 akafungua studio yake mtaa wa Bamako-Koura, karibu na gereza, si mbali na stesheni ya reli. Mahali hapo palikuwa pazuri kwa biashara. Treni ya kutoka Dakar ilishusha wasafiri, wafanyabiashara na askari, na wengi wao walitaka kurudi kwao na ushahidi kwamba wamefika mjini na mambo yao si mabaya.

Kamera aliyoitumia zaidi ilikuwa ya kisanduku, imesimamishwa juu ya miguu mitatu, na filamu yake ilikuwa na ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Kamera ya namna hiyo ina adabu zake. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akamtazama mteja wake kwenye kioo cha nyuma, na humo mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Fundi hujizoeza kuona uzuri ukiwa umepinduliwa: mstari wa bega, uzito wa kilemba, nafasi kati ya kiwiko na kiuno. Akisharidhika huchomeka filamu, na filamu hiyo huziba kile kioo. Kuanzia hapo haoni tena kitu kupitia lenzi. Hutoka chini ya kitambaa, husimama kando ya kamera, na hubaki ana kwa ana na mteja. Ndiyo maana watu wa Keïta wana ule mtazamo. Macho yao yamekutana na macho ya mtu aliye mbele yao, anayewangoja watulie.

Mwanga aliupenda wa jua, uani, ule usiomwangukia mtu kwa ukali. Jua kali hukata uso vipande viwili, likachimba mashimo machoni na kung'arisha paji la uso. Mwanga wa uani uliochujwa huizunguka ngozi nyeusi taratibu, ukaacha hatua nyingi kati ya weusi na weupe, hata shavu likaonekana lina joto. Katika picha zake bora unaweza kuhesabu aina tatu nne za weusi: weusi wa nywele, wa ngozi, wa kitambaa kilichopigwa nili, wa kivuli nyuma ya sikio. Hakuna uliomeza mwingine. Wapiga picha wengi wa zama zake walishindwa hapo. Uso wa Mwafrika ukatoka kama doa lenye meno.

Kisha kuna mkao. Ukutani mwa studio zilibandikwa picha za mfano, na mteja aliweza kunyoosha kidole akasema anataka kama ile. Keïta alimkubalia, halafu akarekebisha. Aliona kwamba mtu akikaa kifua mbele anafanana na picha ya kitambulisho, akapenda kumgeuza kidogo upande, bega moja likitangulia na uso ukirudi kwenye kamera. Kugeuka huko kudogo kulibadili kila kitu. Shingo inarefuka, vazi linapata mikunjo, na mtu anaonekana kana kwamba ameamua mwenyewe kukutazama. Mikono nayo aliiangalia kuliko wapiga picha wengi. Aliitandaza juu ya goti vidole vionekane, akaiegemeza kwenye redio, akaiweka juu ya bega la rafiki. Anayetazama picha zake kwa muda hugundua kwamba mikono inasema mengi kuliko nyuso.

Nyuma ya mteja kulikuwa na kitambaa. Cha kwanza kabisa kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alikibadili: kikaja cha majani, kikaja cha mapambo ya kujipindapinda, baadaye pazia la kijivu lisilo na nakshi. Miaka mingi baadaye, alipoulizwa picha fulani aliipiga lini, vitambaa hivyo ndivyo vilivyomkumbusha. Kazi yao lakini haikuwa tarehe. Wanawake wa Bamako walikuja wamevaa nguo zenye maua, mistari na madoa, na Keïta hakuogopa kuweka nakshi juu ya nakshi. Mwingine angeona fujo. Yeye alijua kwamba katika picha isiyo na rangi nakshi mbili hupatana ikiwa moja ni kubwa na nyingine ndogo, na kwamba macho ya mtazamaji yakishachoka kutembea kwenye kitambaa yatakwenda kupumzika mahali pasipo na nakshi, yaani usoni na mikononi.

Picha yake moja mashuhuri inamwonyesha mwanamke amejilaza kwa ubavu, kiwiko kimebeba kichwa. Amelala juu ya tandiko la mirabaraba, nyuma yake pazia la maua, na vazi lake lina nakshi zake. Kwa hesabu za kawaida, mtu huyo angepotea humo ndani. Hakupotea. Uso na mkono vimebaki vitulivu katikati ya vitambaa vyote hivyo, na mlalo wake ni wa mtu aliye kwake, asiyemsubiri mtu.

Nyingine, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ina kijana mwembamba aliyevaa suti nyeupe, miwani yenye fremu nzito na tai. Mkononi ameshika ua moja, kwa ncha za vidole, kama mtu anayetaka kumkabidhi mtu fulani. Ua hilo lingeweza kuwa kichekesho. Lakini Keïta aliliweka mahali ambapo jicho linalifikia baada ya kupita kwenye uso, na kwa kuwa uso umechukulia jambo hilo kwa uzito, nasi tunalichukulia hivyo.

Studio ilikuwa na ghala la vitu vya kuazima: suti za Kizungu, tai, kofia, saa za mkononi, kalamu za wino, maua ya plastiki, redio, skuta. Hata gari lake mwenyewe, Peugeot 203, liliingia kwenye picha. Wapo wanaosema kwamba huo ni uongo, kwa sababu mkulima ametoka pale akiwa na picha ya karani. Mimi sioni hivyo. Mtu anayekwenda harusini kwa vazi la kuazima hakumdanganya mtu, ameiheshimu shughuli. Saa ile ilikuwa ya studio, lakini namna alivyoinua mkono ili saa ionekane ilikuwa yake. Bamako ya miaka ile ilikuwa inaelekea uhuru, uliopatikana mwaka 1960, na watu walikuwa wanajipima nguo za maisha waliyoyatarajia. Keïta aliwapa mahali pa kujipimia.

Uzito wa jambo hilo huonekana ukilinganisha na picha zilizotangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Edmond Fortier, aliyekuwa na makao Dakar, alichapisha maelfu ya kadi za posta za Afrika Magharibi. Wamo watu wengi, wakiwemo wanawake waliopigwa vifua wazi, wameandikwa chini aina ya kabila kama bidhaa. Aliyeagiza picha zile alikuwa mnunuzi wa mbali. Kwa Keïta, aliyeagiza ni yule yule aliyekaa mbele ya kamera. Ndiye aliyelipa, ndiye aliyechagua mkao, ndiye aliyeondoka na picha. Mabadiliko makubwa katika historia ya picha barani Afrika yalikuja kwa njia hiyo, kupitia biashara ndogo ya mtaani, bila tamko la mtu yeyote.

Mwaka 1962 serikali mpya ya Mali ilimchukua awe mpiga picha wake rasmi, na baada ya muda mfupi studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, zilikaa kwenye masanduku ya bati, zimepangwa vizuri. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi alizipenda, akamtuma André Magnin aende Bamako kumtafuta huyo asiyejulikana. Mjini kwake alijulikana sana. Mwaka 1994 wakfu wa Cartier ukamfanyia maonyesho Paris, na mwaka huo huo Bamako ikaanzisha maonyesho yake ya picha za Afrika, ambayo tuzo yake kuu hubeba jina la Keïta. Alifariki Paris mwaka 2001.

Picha zilizotundikwa katika kumbi za Ulaya na Marekani ni kubwa, nyingine karibu zimfikie mtu kimo, na weusi wake umekazwa. Zile alizowapa wateja zilikuwa ndogo, sawa na negativu yenyewe, kwa sababu alizichapa kwa kuilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi. Wataalamu wamebishana ipi ni kazi yake halisi. Kwangu mimi, kubwa ni kwa ajili ya ukumbi. Ndogo ndiyo kipimo cha fundi. Picha isiyokuzwa haipotezi hata uzi mmoja wa kitambaa, na ilikusudiwa mtu aishike kwa mikono miwili, ampelekee mama yake.

Aliowaachia njia ni wengi. Malick Sidibé, wa mji huo huo, aliitoa kamera studio akaipeleka kwenye dansi za vijana usiku. Alfajiri akasafisha filamu, na siku zilizofuata akazibandika picha ndogondogo kwenye majalada ili waliocheza waje kuagiza zao. Mwaka 2003 alipata tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007 Simba wa Dhahabu wa Venice wa mafanikio ya maisha, akiwa mpiga picha wa kwanza kupewa tuzo hiyo. Omar Victor Diop wa Senegal na Hassan Hajjaj wa Morocco wamelirudia pazia la nakshi na mtazamo wa ana kwa ana, safari hii kwa rangi. Ukiona leo jalada la gazeti la mitindo ambalo nguo na pazia vinagombana na uso unashinda, somo hilo lilikwishafundishwa Bamako-Koura.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wa kazi hii. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyeunganisha picha na picha kwa ustadi wa peke yake. Katika nyumba nyingi, ndani ya albamu au chini ya sanduku la nguo, zimo picha za mafundi kama hao: bi harusi mbele ya pazia la mnazi na bahari, mabarobaro wawili wameshikana mabega, mtoto juu ya kiti kirefu.

Jambo moja Keïta hakutuachia. Wengi wa watu aliowapiga hatuyajui majina yao. Yule mwanamke aliyejilaza anatazamwa dunia nzima, na kijana mwenye ua naye hivyo hivyo, lakini wanatajwa kwa pozi zao tu. Mpiga picha aliandikwa hajulikani kwa miaka michache, kisha akapatikana. Wao huenda wasipatikane tena. Basi wewe msomaji, mzee anayezitambua sura za kwenye albamu yenu akingali hai, kaa naye. Chukua penseli laini, kwa kuwa wino hupenya karatasi, uandike nyuma ya kila picha jina la mtu, mahali, mwaka, na studio iliyoipiga kama muhuri wake umefutika.