Kusoma kwa Kufundisha: Tenzi Mbili za Mawaidha Katika Madarasa ya Kasese na Bwera

Katika makala haya tunasoma upya tenzi mbili zinazofahamika sana kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili: Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert. Hatukusudii kurudia maudhui na dhamira, kwani miongozo imekwisha kuifanya kazi hiyo. Tunauliza jambo moja tu: tenzi hizi zinamfundisha nini mwalimu mwenyewe, hasa mwalimu kijana anayepangiwa shule ya Kasese mjini au Bwera, karibu na mpaka wa Kongo?

Mwana Kupona binti Msham, wa Pate, alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mjane na mgonjwa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia binti yake Utenzi wa Hati baada ya kufiwa na mkewe, Amina, na utenzi huo umo katika kitabu cha Maisha Yangu. Tenzi zote mbili zinaanza kwa namna inayofanana. Mzazi anamwita mtoto asogee, na vifaa vya kuandikia viwepo. Hatuoni kuwa hili ni pambo la kufungulia utenzi tu. Linatuambia kwamba mawaidha hayakutosha kusikika kwa sikio. Mtoto alitakiwa ayaandike, ayatunze na ayasome tena. Naye Mwana Kupona, karibu na mwisho, anawaalika wanawake wengine nao wausome. Msomaji mmoja anakuwa mlango wa wasomaji wengi.

Jambo la pili ni hali ya watunzi. Wote wawili wanafundisha wakati wa huzuni. Yule ana maradhi, huyu ana msiba. Kwa maoni yetu, kumfundisha mtoto ndiko kulikowalazimisha wapange yale waliyoyaishi na kuyasoma, wachague lenye maana na waache lisilo nayo. Mtu anaweza kudhani anaijua dini, adabu au ndoa mpaka atakapotakiwa amweleze mtoto wake. Hapo ndipo anapoona alichokuwa nacho na alichokosa. Kwa hiyo faida ya kwanza ya tenzi hizi iliwafikia watunzi wenyewe.

Hata hivyo, zina upungufu ambao mhakiki hapaswi kuunyamazia. Binti ameitwa na vifaa vya kuandikia, lakini sauti hana. Hatumsikii akiuliza swali hata moja. Anaambiwa namna ya kumtii mume, na katika utendi wa Mwana Kupona anaonywa pia asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Msichana wa kidato cha tatu leo akiuliza kwa nini, mwalimu atamjibu nini? Akimwambia "andika tu, litakuja katika mtihani," atakuwa amerithi udhaifu wa utenzi na kuiacha nguvu yake.

Swali hili ni zito zaidi Kasese kuliko mahali pengine. Chini ya ufalme wa Toro watoto wa Bakonzo walifundishwa kwa Kitoro, si kwa Lhukonzo, na hilo lilikuwa moja ya malalamiko yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962. Kiongozi wake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 yeye na wenzake walikuwa wakikusanya historia na desturi za watu wao. Basi katika eneo hili watu wanakumbuka vizuri lugha iliyoingia darasani kwa amri. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi tunaiunga mkono hatua hiyo. Lakini tunaonya kwamba amri huleta somo darasani, haileti wasomaji.

Tena mwanafunzi wa Bwera haji darasani mikono mitupu. Soko la Mpondwe liko jirani, na ng'ambo ya pili ni Kasindi, ambako jamaa wa Bakonzo, yaani Wanande, hutumia Kiswahili cha Kongo. Mtoto anayesema "niko nasoma" anakijua Kiswahili fulani, na pengine anakisema kwa wepesi kuliko mwalimu aliyekipata vitabuni. Mwalimu anayemcheka anapoteza mwalimu wake. Anayemwuliza, kisha akaweka msemo huo kando ya Kiswahili sanifu, wote wawili wanaongeza maarifa.

Hapa Utendi wa Mwana Kupona unafaa sana. Lahaja yake ni ya Lamu na Pate, ngumu kwa mwalimu na kwa mwanafunzi vilevile. Mbele ya ubeti wa Kiamu hakuna mjuzi wa kutisha. Tunapendekeza darasa ligawiwe beti chache, kila kikundi kieleze maana kwa Kiswahili chake na kwa Lhukonzo, ndipo mwalimu afafanue. Mwishoni kila mwanafunzi aandike jibu la binti kwa mama, au kwa baba. Ndilo jibu ambalo watunzi hawakuliandika.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na nakala ni chache. Ni kweli, na hatulidharau tatizo hilo. Lakini beti kumi zaweza kunakiliwa ubaoni, na watunzi wetu wawili hawakuhitaji zaidi ya mtoto mmoja na karatasi. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu ambaye bado anasoma. Tunawaomba wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wazisome tenzi hizi kabla ya kuufungua mwongozo, wakiwa na kalamu mkononi, na waandike maswali ambayo wao wenyewe hawana majibu yake. Maswali hayo ndiyo ya kwenda nayo darasani.