Baba, Mwana na Njia: Kutabirika kwa Safari katika Siku Njema

Msuko wa mwana anayesafiri kumtafuta baba aliyetengana naye hauna siri: msomaji hukisia mapema utakapoishia. Ndivyo ilivyo katika Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda kumtafuta babake huko Kitale. Je, kutabirika huku ni kasoro?

Msafiri atokaye Karatina kwenda Nyeri, kisha Nanyuki, anajua Mlima Kenya uliko. Hata hivyo, kila mji humwonyesha sura nyingine ya mlima huo huo. Kigezo hiki kinatufaa. Hatumdai mtunzi mwisho wa kushtukiza. Tunamdai kwamba kila kituo kibadilishe picha ya baba aliyoibeba mwana. Walibora anafaulu pale jina la mhusika linapofanya kazi: kijana aitwaye Mswahili anaitafuta asili yake bara, na swali la baba ni nani linageuka kuwa swali la Mswahili ni nani. Swali hilo linamhusu msomaji wa Nyeri sawa na wa Tanga. Lakini kila sadfa inapoyaharakisha makutano, swali hufungwa kabla halijajibiwa. Udhaifu, basi, haumo katika mwisho unaojulikana, bali katika njia iliyofupishwa.