Pumzi, Wembe na Hofu Zetu

Washarika hutuuliza kama ni dhambi kutuliza mawazo kwa kufuata pumzi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo hayo ya wiki 8 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani. Aliyachota katika tafakuri za Kibudha, akaiacha kando lugha ya dini. Mtu huketi, hufuata pumzi yake. Wazo baya likija hapigani nalo, hulitazama, kisha huirudia pumzi.

Tusikimbilie kulaani. Sisi wachungaji tumewaambia wengi wasiopata usingizi kwamba wana imani haba, wakaondoka na mizigo miwili badala ya mmoja. Mafunzo haya hayamlaumu mtu kwa mawazo yanayomjia, na hapo yametuzidi. Luther naye, mwaka 1535, alimwandikia kinyozi wake Peter kitabu kidogo cha kufundisha kusali, akasema kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe. (Kinyozi mpiga soga tunamjua sote.)

Lakini Luther alimtaka Peter aishike Sala ya Bwana ombi kwa ombi, kwa kuwa yuko Mmoja anayesikia. Huyo ndiye anayekosekana katika mafunzo yale. Wazo hupita, ada ya mtoto haipiti, wala majibu ya kipimo hospitalini. Mama anayeyangojea hatoshelezwi na kuyatazama mawazo yake tu. Akishatulia, aseme: Baba, naogopa. Nasi tunaokaa naye benchi moja tumuulize majibu yanatoka lini, na nani atamsindikiza.