Fani na Maudhui ya Miwani ya Mwanga

Kisanduku cha mwanga humtaka mgonjwa wa sonona atulie: dakika 30, luksi 10,000, uso ukiwa karibu na taa. Akisogeza kiti nyuma kidogo, kipimo kinaporomoka. Fani yake ni ya hotuba. Miwani ya mwanga inaivunja fani hiyo. Inaandamana na kichwa, umbali haubadiliki, na bibi anaendelea kumenya viazi vyake.

Lakini miwani nayo si fani moja. Re-Timer, iliyozaliwa katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders nchini Australia, huweka taa chini ya macho. Luminette ya Ubelgiji huishusha nuru kutoka juu, mahali pa anga. Kwangu hii ya pili ndiyo iliyosanifiwa vyema kwa mzee: upande wa chini, anakotazama ngazi na kikombe cha chai, unabaki wazi. Hata hivyo, msomaji wake ni jicho lililozeeka. Lenzi imeingia umanjano, mboni imesinyaa, na nuru ya bluu inayopenya ni haba kuliko ya kijana.

Sasa maudhui: je, inatibu? Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 89 wa miaka 60 na zaidi. Kwa wiki 3, dakika 60 kila asubuhi, kundi moja lilikaa mbele ya mwanga wa bluu iliyopauka wa luksi zipatazo 7,500, jingine mbele ya mwekundu wa luksi 50 hivi. Huo mwekundu ni kama shairi lenye vina na mizani kamili, ila maneno yameondolewa: kiti kilekile, saa ileile, nuru haba. Mwanga mkali ulishinda.

Hicho, lakini, kilikuwa kisanduku. Mwaka 1993 kofia yenye taa ilipojaribiwa kwa wenye sonona ya majira, kwa luksi 60, 600 na 3,500, nafuu haikupishana kwa ukali wa mwanga. Huenda taa iliyo karibu na jicho haihitaji ukali. Huenda pia kule kuivaa kila asubuhi ndiko kulikoliwaza.

Kwa hiyo anayeuza miwani kwa ushahidi wa kisanduku amebadili fani, akidhani maudhui hayakuguswa.