Jicho la Mchangishaji

Mwaka 1984 Bob Geldof na wenzake walirekodi London wimbo wa kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Fedha zilipatikana, tena nyingi. Lakini jina la wimbo linauliza iwapo watu hao wanajua kuwa ni Krismasi. Ukristo umekuwa Ethiopia tangu karne ya 4, na Krismasi yao huadhimishwa tarehe 7 Januari!

Nilicheka, kisha nikajikumbuka. Katika harambee ya zahanati yetu nilimruka bibi mmoja mwenye khanga kuukuu. Akaniita: “Mwanangu, mbona kapu halikufika kwangu?”

Niliona haya. Mwenye huruma asiyetazama humdharau anayemwombea. Na mimi nilimdharau aliyekuwa tayari kutoa.