Kicheko cha Mzee Ojwang'

Mchekeshaji hupimwa kwa mambo mawili: amechekesha kwa nini, na amemcheka nani. Wengi hupima la kwanza tu, kwa kuwa sauti ya kicheko husikika upesi. La pili lataka kufikiri. Yafaa tumpime kwa yote mawili Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'.

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Lakini katika Vitimbi, mchezo ulioonyeshwa na televisheni ya taifa tangu miaka ya 1980, alikuwa mzee wa Kijaluo, mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Lafudhi yake ilikaa vema hata watazamaji wengi wakaamini kuwa ni Mjaluo wa kuzaliwa.

Lafudhi hiyo haikutoka mbali. Mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Makongeni, Jericho na Bahati, ilikusanya watu wa makabila mengi, na kila mmoja alileta Kiswahili chake mlangoni kwa jirani. Huyu aligeuza "shamba" kuwa "samba". Yule alichanganya r na l. Mtoto wa mitaa hiyo aliyasikia yote kabla ya basi la asubuhi kuondoka.

Yuko atakayesema kuwa kuigiza matamshi ya kabila jingine ni dhihaka. Hoja hiyo ina uzito. Hapana shaka baadhi ya vichekesho vya televisheni yetu vimeegemea mno matamshi, hata mawazo yakakosa nafasi. Mchekeshaji asiye na mali ila lafudhi ni maskini wa sanaa. Lakini Ojwang' hakusimama juu ya ulimi peke yake. Alionyesha majivuno ya mume ajionaye mkuu wa nyumba, na hali mkewe amemshinda kwa maneno. Je, aibu hiyo ni ya kabila gani? Ni ya waume wote. Mtazamaji alianza kwa kumcheka jirani, akaishia kujicheka mwenyewe.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukiana kwa sababu ya makabila, na watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha. Tukikumbuka msiba huo, twaona thamani ya Mkikuyu aliyependwa na taifa zima kwa jina la Kijaluo.

Macho yake yalipofifia, wananchi walichanga fedha atibiwe. Akafariki Julai 2015, mwenye umri wa miaka 78. Mchango ule ni sifa kwa waliotoa, lakini ni lawama kwa sanaa isiyomwekea akiba mzee aliyeitumikia miaka mingi.

Basi, msomaji, utakapocheka tena mbele ya televisheni, jiulize: kicheko hiki chanisogeza kwa jirani yangu, au chaniweka juu yake? Kwa swali hilo utamtambua mchekeshaji wa kweli.